Samaki wa Mama na Chewa wa Baba

Maisa, siwezi kuongea, naandika tu.

Baba huko Kawe kamtia samaki wa mama kwenye tangi la maji chumvi la chewa wake, lile lisamaki lenye mdomo mpana. Yule mdogo wa njano, wa mwisho aliyebaki tangu mama afariki.

Chewa kammeza. Mzima mzima, baba anaangalia.

Na nilishamwambia, asimchanganye chewa na samaki anayeenea mdomoni mwake. Nilimwambia mara ngapi?

Eti, "Nilimshibisha dagaa kwanza." Dagaa, Maisa.

Nikamfokea kwenye simu, baba yangu mzazi. Nikamuuliza, kwa nini lakini?

 Akasema, "Chewa kutwa yuko peke yake, mwanangu. Najua inavyokuwa."

Mie sijakanyaga kwake tangu arobaini ya mama.