Mama, Friza Usiiuze

Guangzhou,
Jumapili mchana

Shikamoo Mama yangu,

Na salamu ya Kiislamu juu yake. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshamgawia shangazi? Mimi mzima, nakula, nalala, na mvua ya huku hainipi nafasi ya kuanika hata leso. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikisema, "Mama, nisikilize," unasema, "Nimeshasikia," unakata. Barua anakuletea Bi Saumu, yule mfanyabiashara wa mashuka wa kwetu Tanga mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu. Ameniahidi atakukabidhi mkononi kabla ya Jumamosi, siku ambayo huyo mnunuzi wako anakuja kuichukua friza.

Mama, friza usiiuze. Nimelisema mwanzo kabisa ili hata ukiichana barua hapa, hilo uwe umelipata.

Najua ulichoambiwa. Jirani ameiona picha yangu nimepanga foleni, mchele begani, mafuta mkononi, na chini yake nimeandika kwa mbwembwe, "Chakula cha serikali hiki!" Mbio mpaka barazani kwako: mtoto wa Bi Tatu anakula msaada China. Kosa ni langu na mdomo wangu wa kujitapa. Sasa nikueleze ilivyo.

Ufadhili ninaosomea ni wa serikali ya huku, na chakula kimo ndani yake. Kila mwezi kadi yangu ya chuo inatiwa pesa za kula. Huwezi kuzitoa ukazishika. Zinafanya kazi kantini na kwenye kiduka kimoja kilicho humu chuoni, na mwezi ukiisha zilizobaki zinafutwa. Sote wenye ufadhili ndivyo tunavyokula, hata watoto wa wakubwa. Sasa Ramadhani nilikuwa nafunga, mchana kantini siikanyagi, kadi ikabaki imenona. Siku ya mwisho ya mwezi mimi na Achieng, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, tukaenda kidukani kuimaliza. Watu walivyokuwa wanabeba, ungedhani kuna harusi. Nikauliza maziwa. Laoban, yaani mwenye duka, akajibu bila kuinua kichwa, "Meiyou!" Hakuna. Mayai? "Meiyou!" Walionitangulia walishakomba. Nikaona mfuko wa mchele mweupe, mnene, unang'aa, kilo tano. Nikaukumbatia. Pilau ya Idi hiyo, nikajisemea, nikachukua na mafuta, na kwenye foleni ya kulipa Achieng akanipiga picha.

Asubuhi ya Idi ndipo ukapiga simu. Nilitegemea mkono wa Idi, nikapata, "Mwanangu hali chakula cha foleni nikiwa hai. Friza nimeshaipatia mteja, pesa nitakutumia." Ukakata. Nililia, Mama. Kisha nikanawa uso kwa sababu nilikuwa na mgeni anakuja: mwalimu wangu, mama wa Kichina aliyekaribia kustaafu, ambaye nilikuwa nimemtambia mapishi yako tangu mwaka jana.

Nikapika ulivyonifundisha. Vitunguu nikavikaanga mpaka vikaiva vizuri, nikatia bizari nzima ile uliyonifungia kwenye kitambaa, iliki, mdalasini, nyama ya bucha ya Waislamu pale Xiaobei. Nikafunika. Nilipofunua, pilau haikuwepo. Palikuwa na donge moja, limeshikana, mwiko umesimama katikati wenyewe. Nikajaribu kugeuza, likageuka lote.

Achieng akachungulia. "Manze, hii si pilau. Hii ni ugali imepakwa masala. Tuikate na kisu ama?"

Sikucheka. Nilikaa chini palepale jikoni nikasema, basi, Mama hana radhi nami, hata mchele umenikataa. Na wala sikuwa natania.

Mwalimu akaingia nikiwa hapo sakafuni. Akauona mfuko, akausoma, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe nilinunua mchele wa kunata, ule wanaoufunga kwenye majani wakauchemsha! Akaonja. Akajiongezea. Akasema kwao mchele huo na nyama ndicho chakula cha sikukuu hasa, ila wenye iliki hajawahi kuuona. Sahani mbili zikaisha, na kingine akafungasha.

Halafu akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamweleza habari yako yote. Akasema utotoni mama yake alikuwa akimtuma dukani na vikaratasi vya serikali, kila nyumba na fungu lake la mchele na mafuta. "Siku nilipovipoteza nililia njia nzima," akasema. "Siku nilipokuwa navyo nilitembea kifua mbele."

Hapo nikalikumbuka duka la kaya, lile la mgao wa serikali enzi za utoto wako. Ulinihadithia mwenyewe, Mama, tena ukicheka: Bibi anakuamsha, unakwenda kuweka jiwe lako kwenye foleni ya sukari, unarudi kunywa chai kavu, kisha unakwenda kugombana na aliyelisogeza jiwe lako. Bibi hakuona aibu, na sukari mkainywa. Foleni yako ilikuwa halali, yangu ndiyo iwe ya kuombaomba? Nafasi hii niliipata kwa mtihani, na ada ya shule ilitoka kwenye barafu na juisi ya ukwaju. Friza ile ndiyo iliyonileta huku. Ukiiuza, wadogo zangu watasomeshwa na nini?

Nisalimie shangazi Mwanaisha anayekuchua mguu, na mdogo wangu Athumani, aache kuchezea mlango wa friza. Jirani mwenye macho makali naye msalimie. Mwambie sina kinyongo, ila picha nyingine aulize kwanza.

Mama, nimeshiba. Nilichokosa Idi hii ni dua yako tu, nayo hiyo serikali ya huku haina pa kuipata. Niombee. Na Jumamosi huyo mnunuzi akija, mpe kiti, mmiminie juisi ya baridi, na akimaliza mtoze ya glasi moja, aende zake.

Mwanao unayemnunia bure,
Mwanaidi