Mtobozano Mgongoni

Dar es Salaam, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo. Habari za Kharumwa, na Blessing wangu ameacha kukohoa? Mimi nipo, ila miguu imezidi. Nikisimama kidogo inakufa ganzi. Siyo mshipa wa kuchuliwa kama tulivyodhani, wala hakuna aliyenitupia kitu. Hapa hospitali wamenitia dawa kwenye mishipa wakapiga picha. Mshipa unaoleta damu umetoboka ukaingia kwenye ule unaoirudisha, damu inajaa na kubana uti wa mgongo. Mkweo Magesa akadakia, "Kumbe mtobozano," kama maduara mawili, mashimo ya dhahabu, yanapotobokeana chini. Daktari akacheka, akasema ndiyo hivyo. Anataka kupasua azibe. Asipoziba sitainuka tena. Akiziba, hajaahidi kama nitatembea.

Mwanao, Vumilia

Kharumwa, 11 Machi

Marahaba, mwanangu. Anaandika mdogo wako Aneth, mimi nasema. Blessing hakohoi, ila anakutafuta mpaka uvunguni.

Hilo neno usiniandikie tena. Duara la baba yako lilitobozana na la jirani, maji yakaingia. Wenzake wakakimbilia kuziba, wakaziba upande ambao siyo, yeye akiwa ndani. Muulize daktari, tundu analijua? Muulize mara mbili, hata akinuna.

Mama yako

Dar es Salaam, 15 Machi

Shikamoo mama. Nimeuliza mara mbili, hakununa. Alileta picha, akakishika kidole changu akakiweka juu ya tundu lenyewe. Kauzi tu, kamejikunja kama mnyoo. "Hapa," akasema.

Naingia kesho. Naogopa mama. Msimnyoe Blessing mpaka nirudi.

Vumilia wako

Kharumwa, 24 Machi

Vumilia, leo sikusalimii, nakuuliza. Simu ya Magesa haipatikani. Kichwa cha Blessing kimekuwa kichaka, majirani wanasema anyolewe, wengine wanasema huku wakiniangalia kama mfiwa. Nimeuficha wembe. Andika hata neno moja.

Mama

Dar es Salaam, 29 Machi

Shikamoo mama. Nisamehe, nililazwa kifudifudi, kalamu haikushikika. Simu ya Magesa imeibiwa.

Tundu limezibwa, lile lile la kwenye picha. Ila miguu ilikaa kama ya mtu mwingine, nikajua basi. Leo nesi alikuwa ananifuta, maji yakamwagika miguuni, nikalia. Akadhani amenitonesha. Nikamwambia, "Hapana dada, yana baridi."

Wembe uendelee kufichwa. Nitamnyoa mwenyewe.

Mama Blessing