Amenipiga picha niko sijda

Asmah, uko? Boss Latif ameniaibisha leo, mpaka sasa siamini.

Nilikuwa naswali adhuhuri hapa ofisini Bwera. Nikashuka sijda, usingizi ikanibeba palepale, paji kwa mukeka. Boss mzima akaingia, akanipiga picha. Niko sijda, Asmah. Sijda.

Halafu akaitupa kwa grupu ya madereva wote: "Meneja wenu iko kazini."

Kazini. Mimi. Tangu aseme labda atauza malori, labda hapana, amefukuza karani na mutu wa stoo, na kazi yao yote ni yangu. Madereva wananipigia toka Katwe mpaka Kasindi: mama Mastula, tutabaki na kazi? Mimi najua nini? Nawatuliza tu, kila siku. Kumpigia yeye wamekatazwa. Sheria ni yake, lakini mimi ndiye naisimamia.

Hapo nikapata akili.

Nikaandika chini ya ile picha: "Ni kweli, nimechoka. Kuanzia leo, mwenye swali juu ya kuuza malori ampigie boss mwenyewe. Nimeruhusu."

Wee. Kosiya wa lori ya chumvi alianza, wengine wakafuata. Namsikia boss kwa ukuta: "Bado sijui. Nimesema sijui."

Sasa anagonga mlango wangu. Mastula, waambie waache. Mastula, tafadhali.

Latif anasema tafadhali, Asmah. Latif.

Alasiri imeingia, mukeka uko chini. Naenda sijda, na leo nitakaa huko sana.