Kolam ya Langoni Si ya Mkono Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi maana sikukuu ya mavuno, Pongal, ni wiki ijayo na kamba iliyo shingoni mwangu nimeifunga mwenyewe. Niliolewa hapa Kotturpuram miaka sita iliyopita, kwenye barabara ya nyuma inayoishia mto Adyar, na sikufichi, naupenda mtaa huu kuliko nilikozaliwa, miti imefunikana juu ya barabara, jioni yangeyange wanarudi kutoka mtoni, watu wana mali lakini hawapigi kelele nayo, na mwezi wa Margazhi ukiingia kila lango linaamka na kolam yake, mchoro wa unga wa mchele unaochorwa chini kabla jua halijatoka, hata jaji mstaafu wa nyumba ya pili, mzee wa miaka themanini mwenye magoti mabovu, ni afadhali akanyage tope kuliko kukanyaga mchoro wa mtu.

Sasa mimi nimekulia Mumbai, ghorofa ya saba, kolam yetu ilikuwa karatasi ya kubandika mlangoni, kwa hiyo mama mkwe aliponikabidhi bakuli la unga, asubuhi ya kwanza nilichomwaga pale chini kilikuwa kama mahali walipopigana kuku. Poongodi, anayetufanyia kazi za ndani na kuvuka daraja kila alfajiri kuja kwetu, alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Dada, nenda kalale, hii niachie mimi." Nikaenda kulala, mshauri, na nimelala miaka sita.

Huyo mwanamke anachora, jamani. Unga unamtoka kati ya vidole viwili, nukta ishirini na moja kila upande, mstari mmoja unazizunguka zote bila kukatika mpaka unarudi ulikoanzia, na anamaliza kabla chai haijachemka. Watu wa matembezi ya asubuhi wanasimama kupiga picha, wananipongeza, nami natabasamu. Sijawahi kusema ni yangu, na sijawahi kusema si yangu.

Mama mkwe, ambaye miaka yote huamka kolam imeshachorwa, yuko kitandani chumba cha juu tangu apasuliwe nyonga. Juzi aliniita, akatoa daftari la marehemu mama yake, kolam zaidi ya mia mbili zimechorwa kwa wino, akasema, "Mwanangu, hili sikumpa hata binti niliyemzaa, nilikuwa nangoja mkono. Siku ya Pongal nitakukabidhi mbele ya ukoo wote, na utatuchorea ya ukurasa wa kwanza, watanitoa barazani nikuangalie." Nikainama nikamgusa miguu huku machozi yananitoka, naye akadhani ni ya furaha.

Nikamkimbilia Poongodi jikoni, nikamwomba anifundishe ukurasa ule, au siku hiyo aichore mapema kabla watu hawajaamka, niseme nimeshamaliza. Akaendelea kusugua sufuria. "Nitachora, dada, kazi ni kazi. Ila nilitaka kukuomba Pongal hii nisije asubuhi. Miaka sita sijachora mlangoni kwangu, nikirudi jua limeshapanda." Nikamwahidi sari mpya, akachukua sufuria nyingine.

Mume wangu anasema, "Mama ni mgonjwa, unataka kumuua? Nyamaza, litapita." Nimefikiria kujifunga bandeji nijifanye nimeumia mkono. Yule mama amenipokea kama binti yake, mshauri, na nikishuka machoni pake sijui nitaishije naye nyumba moja. Nifanyeje?

Mkono Mtupu, Kotturpuram

*

Mkono Mtupu, bandeji irudishe dukani. Na mumeo mwambie hakuna mwanamke aliyevumilia kupasuliwa nyonga akaja kufa kwa sababu ya unga wa mchele.

Kutojua kuchora si kosa, wengi wenu mmekulia ghorofani na hamkujichagulia. Kosa lako ni tabasamu lile. Umelitoa mara moja kwa aibu, ukaona halina gharama, ukalitoa tena, na sasa limekufikisha kwenye daftari la marehemu. Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, na yako imeishia barazani mbele ya ukoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Aibu yako umeieleza kirefu, na mtaa wako umeusifu vizuri, hata mimi nimetamani kupita hapo asubuhi. Lakini Poongodi alikuomba asubuhi moja tu, ukamjibu kwa sari. Hukumsikia? Mwenye mkono mzuri kuliko wote kando ya mto huo, mlango wake uko mtupu Margazhi nzima ili wako upendeze. Hilo linanikasirisha kuliko uongo wako.

Leo hii panda kwa mama mkwe ukiwa peke yako. Kaa sakafuni, sema, "Amma, mkono unaoupenda ni wa Poongodi." Usitangulize kilio, maana atakubembeleza na hutamaliza kusema. Atakasirika, ana haki, mwache akasirike. Usilipokee daftari, wala usimchagulie wa kumpa, ni lake. Na kuanzia kesho, mtu akisimama kusifu langoni, mtajie jina la mchoraji.

Pongal ikifika, Poongodi abaki kwake. Wewe amka saa kumi na moja, piga magoti langoni, weka nukta tano kwa tano, uzungushe mstari wako. Utapinda. Wageni wataona, mama mkwe ataona, na usiufute.

Ukishanawa mikono, vuka daraja ukaone alichochora mlangoni kwake. Miaka sita amekuja kwako kila alfajiri. Nyumba yake unaijua ni ipi? Kama huijui, kamuulize sasa hivi, kabla hujapanda juu.