Polisi wa Kabila Lake

Ruwais, Jeddah
14 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Wesley,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto hili. Hujambo? Emmah na mtoto wanaendeleaje? Mimi ni mzima. Tuko Jeddah kwa mama yake madam mpaka shule zifunguliwe. Kazi ni ile ile ya Riyadh, ila hapa nguo hazikauki vizuri.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwa simu hukawii kunikatiza. Beverly wa nyumba ya pili amekubaliwa na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini huku, kurudi Kenya, naye ataibeba barua hii.

Emmah ameniambia umehamishiwa kituo cha polisi cha kwetu, na ninyi ndio mtakaowaondoa watu kwenye ardhi inayodaiwa na kampuni. Wewe ulinyamaza tu. Unajua vizuri ni nani anayewaongoza waliokataa kuhama: ni Baba. Nilipopata habari nilikuwa napiga pasi, nikaendelea kupiga pasi. Sikulia. Moyo umekufa ganzi, hata chakula nakula tu.

Kabla shule hazijafungwa, Hala, binti wa madam, alipewa kazi kuhusu kiongozi wa Wasioux, Wahindi Wekundu wa Amerika. Nikadhani ni Mhindi kama dereva wetu, nikauliza anatoka mji gani. Hala alicheka hadi akakohoa.

"Mafi Hindi, si Mhindi, Valary! Huyu wa Amerika!"

Jina lake kwa Kiswahili ni kama Fahali Aliyeketi. Baba angelipenda. Walowezi waliingia kwenye ardhi yao kutafuta dhahabu, akakataa kuiuza, akapigana. Hala alichora farasi na mahema, nami nikamsaidia kupaka rangi.

Nilidhani aliuawa na wazungu. Kumbe waliomtoa kitandani alfajiri na kumpiga risasi walikuwa polisi wa kabila lake. Hala akaniuliza kwa nini walikubali kwenda. Nikamwambia walitumwa. Akasema hilo si jibu.

Sikuambii uache kazi. Nakuomba tu, siku hiyo usiwe mlangoni kwa Baba. Jifanye mgonjwa, sema lolote. Akiwaona polisi wageni hatatoka, unamjua. Akikuona wewe atatoka mbio, atadhani umekuja kumsalimia.

Msalimie Emmah, mbusu mtoto, na umfikishie mama mdogo Jael salamu zangu. Mungu awafunike nyote, na mkono wako aushike.

Dada yako, akupendaye hata leo,
Valary