Salamu kwa Bila Breki, Popote Alipo

Baba,

Mimi ni Nyambura, binti yako, nikiwa hapa Kiuu, Ruiru, kwa tata, shangazi yangu, namsalimu Bila Breki wa Ngoliba popote alipo. Umeona? Nimeanza kama kadi ya salamu za redio, vile unavyopenda. Lakini kadi yenyewe sikununua, kwa sababu mtangazaji hasomi salamu za marehemu. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeniambia hivyo, siku ile nilipotaka umsalimie cucu, nyanya yangu aliyekwisha kufa, redioni. Kwa hivyo nakuandikia kwenye karatasi ya chuo, na hapa hakuna wa kunikata nikizidisha.

Kwanza habari za nyumbani. Baiskeli zote ulizokuwa ukitengeneza kibandani zimerudi kwa wenyewe, hata ile isiyo na kiti. Mama ni mzima, ila amekuwa mkali sana kwa kuku. Redio yako bado iko juu ya kabati, na ule waya wa spoku ya baiskeli uliofunga badala ya eriali bado unafanya kazi.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda hulijui. Jumapili moja baada ya mazishi tulikuwa uani tukichambua maharagwe, na redio ikasema, "Kadi hii imetoka kwake Bila Breki wa Ngoliba." Haiya! Mama aliachilia ungo. Ulikuwa umeitia posta kabla hujaugua, ikalala huko chini ya kadi za watu wengine, na zamu yake ikafika wewe ukiwa umeshaenda. Ulimsalimu Mama. Ukawasalimu Mama Soda wa Kiandutu na Kinyozi Mpole wa Ruiru, wenzako wa chama cha salamu. Halafu mwisho: "Namsalimu pia Maitu, anayesomea mambo ya redio na hajawahi kutuma salamu hata siku moja. Naomba anijibu." Kisha ujumbe: "Kengele haisukumi baiskeli, lakini huwaambia watu unakuja."

Baba, ulinichokoza hewani, Kenya nzima ikisikia, na wewe uko kaburini! Hakuna mwingine anayeniita Maitu. Nina jina la mama yako, ndiyo maana uliniita Maitu, yaani mama, tangu nikiwa mchanga, hata ukiwa unanigombeza. Nilipolisikia jina hilo kwa sauti ya mtu nisiyemjua, nililia mpaka kamasi. Mama naye alilia, akacheka, akaokota maharagwe, akasema, "Umesikia. Jibu baba yako."

Na ninajua sheria yako. Aliyesalimiwa hurudisha. Kuna watu ulioacha kuwasalimu miaka na miaka kwa sababu walisalimiwa wakanyamaza. Lakini ebu niambie, anayesalimiwa na marehemu hurudisha vipi?

Chama chako kilifikiri kina jibu. Walikutana Kiandutu, pale Mama Soda anapouzia soda na mandazi, wakanikalisha katikati kama mgonjwa. Mama Soda akasema, "Hiyo jina haiwezi kunyamaza hivi hivi na sisi tuko. Wewe umesoma. Andika kadi, sema ni Bila Breki, kwani nani atajua?" Kinyozi Mpole akaitikia kwa kichwa tu, si unamjua. Niliomba wanipe muda mpaka kikao kijacho. Nikikataa, jina lako linazimika. Nikikubali, nakuwa nasema kwa mdomo wa mtu aliyelala. Nilizunguka na jambo hilo kila mahali, mpaka darasani.

Huko darasani nako kukawa na lingine. Mwalimu wetu wa mawasiliano alituambia ati kabla ya intaneti mwananchi wa kawaida alikuwa sikio tu, sasa ndiyo amepata mdomo. Nilikuona kichwani mwangu, umeshika spana, unacheka. Akatutuma twende saiba mjini Thika, tuingie kwenye ukumbi wa mazungumzo, tushiriki, kisha tuandike kushiriki ni kitu gani.

Saiba ni chumba chenye kompyuta, unakodisha dakika na unaongea na dunia kwa kuandika. Niliingia ukumbi mmoja wa Wakenya, wengi wao wako ng'ambo. Baba, ungepapenda! Wote wana majina ya kujipachika kama nyinyi. Wanataniana, wanauliza bei ya unga, wanagombana kuhusu ugali na watu ambao hawajawahi kuwaona uso. Niliwasoma siku kadhaa, sikuandika neno. Nilikaa pale kama mgeni aliyekuja harusini akabaki mlangoni.

Na si kwamba mwalimu alikosea kabisa. Pale hakuna mtangazaji wa kuchagua kadi ipi isomwe na ipi ikae. Ukiandika, umesomwa. Ni jambo kubwa hilo, nami nimesikia wewe na Mama Soda mkilalamika vya kutosha kuhusu kadi zilizopotea. Lakini niliona pia kwamba pasipo kungoja, watu hawapimi. Mtu anatukana kabla hajamaliza kusoma. Mzaha mmoja unanakiliwa na watu wengi na hakuna anayejua ni wa nani. Wewe ujumbe ulikuwa unaunyoosha kama rimu ya gurudumu, unauzungusha, unausikiliza, unanisomea nikichanganya uji, ukisema, "Bado unacheza kidogo." Ujumbe wa kuazima hukutaka hata kuusikia. Nadhani ubunifu wako ulitoka hapo, kwenye kungoja, na kwenye kujua kwamba kuna mtu fulani mahali fulani atasikia jina lake akaacha jembe.

Siku moja nikasema, liwe liwalo. Lakini sikujua watu huanza vipi kule. Nikaanza kwa njia niliyoizoea nyumbani: mimi ni Bintiye Bila Breki, nikiwa Thika, nawasalimu wote mlio kwenye baridi, na ujumbe ni huu. Nikaweka ile kengele yako. Wee, walinicheka! Mmoja akaandika, "Dada, hii ni intaneti ama ni redio?" Nilitaka kuinuka niende zangu.

Halafu mwingine akaandika, "Ngoja. Bila Breki wa Ngoliba? Bado yuko?" Alisema mama yake huko Gatundu alikuwa akinyamazisha nyumba nzima kadi zako zikisomwa. Ikabidi nimjibu. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijaandika mahali popote kwamba umekufa. Niliandika. Na wale waliokuwa wakicheka wakaanza, mmoja mmoja, kutuma salamu kwa mtindo wako: nikiwa mahali fulani penye theluji, namsalimu mama, ambaye hana kompyuta. Namsalimu kaka, Makongeni. Namsalimu shosho, asikiaye redio tu.

Kisha wakaniomba, "Tupe ujumbe mwingine wa mzee." Kadi yako ya mwisho ilikuwa ndiyo ile, na zilizotangulia zote zilishasomwa. Hapo ndipo nilipojua nitakijibu nini chama. Ningelichukua jina lako, ningelazimika kuishi kwa ujumbe wa kuazima, na wewe ungenifuta kwenye kadi zako hata huko uliko.

Kwa hivyo kikao kilipofika niliwaambia hapana. Mama Soda alikunja uso, akasema, "Sasa wewe unamzika mara ya pili." Iliniuma, sikufichi. Nikamwonyesha kadi nilizonunua, kila moja imejaa salamu nilizonakili kule saiba, za watu wa theluji kwenda kwa mama zao wa Gatundu, na dada zao wa hapo hapo Kiandutu, watu wenye redio na wasio na kompyuta. Mtumaji nimeandika: Kengele ya Bila Breki. Jina lako limo, na mimi nimo, ndimi kengele. Alizisoma zote, polepole, midomo ikicheza. Halafu akaniuliza kama watu wa theluji wanaweza kumsalimu mtoto wa dada yake, yuko huko pia.

Kazi ya mwalimu nimeandika hayo hayo. Nimesema kushiriki ni kurudisha salamu, kwa mashine yoyote iliyo karibu.

Ujumbe wa kadi ya kwanza ni wangu mwenyewe. Niliuzungusha siku nyingi, na nafikiri hauchezi sana: "Njia haimjui aliyetangulia, lakini vumbi lake bado liko hewani." Leo nimezitia posta Thika. Mama amesema atahamisha redio, aiweke karibu na jiko asikose.

Lala salama, Baba. Nakuahidi sitaazima, na sitanyamaza nikisalimiwa. Basi nimekujibu. Kwa sheria yako mwenyewe, sasa zamu ni yako. Usiwe na haraka. Redio tutaiacha imewashwa.

Maitu