Mistari Ishirini na Miwili ya Nyasi

Dada Martina,

Nakuandikia kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa bandeji. Usianze kufoka. Nitakueleza.

Ni miezi minne tangu tukuzike kijijini kwenu Daa, na mashine yetu ya kukatia nyasi, ya kusukuma kwa mkono, ni ileile: visu vitano vinavyozunguka, kimoja cha chini kisichotikisika, mpini uliouzungushia mpira wa tairi. Bustani ya loji nayo haijapungua. Mistari ishirini na miwili, hatua sitini na nne kila mmoja, kuukata mteremko kwa upana, si kushuka nao, kama ulivyonifundisha.

Kilichobadilika ni mbele yangu. Hakuna mtu.

Ulikuwa unatangulia umeinama, unaokota mawe, mifupa iliyodondoshwa na kunguru, matawi ambayo tembo wa msituni wameyavunja na kuyaacha kwenye nyasi. Mimi nafuata na mashine. Mpishi alikutania kwamba unatafuta sindano uliyoipoteza ukiwa msichana, nawe ukamjibu ukiipata utamshona mdomo. Siku hizi hata dirishani hachungulii.

Nina kinyongo na wewe, dada, bora niseme. Mwaka wako wa mwisho uliacha kusukuma. Nilihesabu: mimi kumi na tisa, wewe mitatu. Baadaye mimi yote. Nikakuambia mbele ya watu wa dobi, "Siku hizi umekuwa bosi wa mawe." Ukacheka, ukashika kiuno, ukaendelea kuokota. Kumbe daktari alishakuambia habari ya moyo wako, na mimi hukuniambia. Nilitoka Enguserosambu na begi moja. Karatu nzima sina ndugu ila wewe, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Ungesema tu. Ningesukuma hata arobaini.

Sasa la Jumanne. Peke yangu inabidi nipite bustani mara mbili, kwanza kuokota, kisha kusukuma. Hatua elfu mbili mia nane na kumi na sita. Jumanne zilinichosha kabla sijaanza, nikasema leo napita mara moja. Mstari wa saba, mashine ikakwama. Kitawi cha mgunga, kinene kama kidole gumba, kimebanwa kati ya visu. Najua la kufanya, ulinifundisha mwenyewe: vuta mashine nyuma kidogo, chokonoa kwa kijiti, mkono ukae mbali, kwa sababu visu vilivyobanwa vinasubiri kuachiwa tu. Kijiti kilikuwa kwenye koti lako, na koti nimelitundika stoo.

Nikaingiza vidole. Kitawi kikatoka, visu vikaruka robo mzunguko. Robo tu. Ncha ya kidole cha pete ikaenda.

Wageni walikuwa wameteremka kreta kutazama wanyama, wafanyakazi wote ndani. Nilikaa chini, mistari sita imekatwa, mingine bado, nikaita jina lako. Nikakumbuka baada ya kuita. Hapo ndipo nililia, dada, si kwa ajili ya kidole.

Kila asubuhi ulikuwa unasema, "Umekuja na kumi, utaondoka na kumi." Na jioni unaishika mikono yangu na kuhesabu vidole kweli, kama vile mimi ni mtoto. Nilikuwa naona aibu. Sasa hakuna anayehesabu.

Aliyenisikia ni Anjela wa dobi. Alinifunga kwa foronya, akanisindikiza zahanati, nyuzi tano. Ndiye huyo aliyeniomba mara tatu atangulie mbele ya mashine, na mara tatu nikamkatalia. Nilimwambia hawezi, anavaa ndala. Haikuwa ndala, dada. Pale ni mahali pako.

Kidonda kikipona nitampa buti zako. Zinamzidi kidogo, atavaa soksi mbili. Nitampa na koti, kijiti kikiwa mfukoni. Nitamwambia aokote bila haraka, na akichoka aseme, asicheke tu na kushika kiuno. Jioni nitaishika mikono yake, nihesabu.

Vyangu bado ni kumi. Kimoja kimefupika.

Pumzika, dada yangu. Mistari yote nitasukuma, na sitahesabu tena nani kasukuma mingapi.

Mdogo wako,
Nasieku